Mtangazaji na Ukimya Wake: Miaka 70 ya David Attenborough Hewani

 

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuichambua kazi ya mtangazaji mmoja wa Uingereza, David Attenborough. Sifa zake zimeimbwa sana, kwa hiyo hapa tutauliza swali la kifundi. Ni kitu gani kilichomweka mtu mmoja mbele ya kamera na kipaza sauti kwa zaidi ya miaka 70, tangu zama za picha nyeusi na nyeupe, watu wasimchoke? Jibu litakalotetewa jioni hii ni kwamba alijua wakati wa kunyamaza. Na litaongezwa jambo la pili, ambalo baadhi yenu huenda msilipende: ukimya huohuo, ulipowekwa mahali pasipo pake, ndio uliokuwa kosa lake kubwa. Zimeandaliwa hoja nne. Ya tatu ni ndefu kuliko wenzake, kwa sababu ndiyo moyo wa mazungumzo yetu.

Kwanza wasifu, kwa ufupi. Attenborough alizaliwa tarehe 8 Mei 1926 huko Isleworth, pembezoni mwa London, akakulia mji wa Leicester, ambako baba yake alikuwa mkuu wa chuo kikuu. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wavulana watatu. Kaka yake, Richard, ndiye mwigizaji na mwongozaji aliyetengeneza filamu ya Gandhi mwaka 1982. David mwenyewe alikuwa mtoto wa kuokota mawe. Alizunguka na baiskeli vijijini akitafuta visukuku, yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na nyumbani akajitengenezea jumba la makumbusho la kwake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wazazi wake waliwapokea wasichana wawili Wayahudi waliokimbia Ujerumani, wakaishi nao kama watoto wa nyumba hiyo. Akasoma sayansi ya viumbe na miamba Cambridge, akatumikia Jeshi la Wanamaji miaka miwili, kisha akapata kazi ya kuhariri vitabu vya sayansi vya watoto. Kazi hiyo haikumpendeza.

Mwaka 1950 akaomba kazi BBC, upande wa redio. Akakataliwa.

Tuanze hapo.

Hoja ya kwanza: ufundi ulitangulia uso

Barua yake ya maombi haikutupwa. Ilimfikia Bi. Mary Adams, aliyeongoza idara ya mazungumzo na makala za kweli katika televisheni, chombo ambacho wakati huo wakubwa wengi wa redio walikiona kama mchezo wa kupita. Attenborough hakuwa na televisheni nyumbani, na alikuwa amewahi kutazama kipindi kimoja tu maishani mwake. Bi. Adams akampa mafunzo ya miezi mitatu, na mwaka 1952 akaajiriwa rasmi kama mtayarishaji.

Mtayarishaji, wala si mtangazaji. Hilo tulishike. Bosi wake aliona kwamba meno yake yalikuwa makubwa mno kwa televisheni, akashauri asiwekwe tena mbele ya kamera. Kwa hiyo akarudi nyuma yake. Alitayarisha kipindi cha chemshabongo ambamo wataalamu waliletewa kitu cha makumbusho wakakitambue. Alitayarisha mfululizo wa nyimbo za kienyeji akiwa na Alan Lomax, Mmarekani aliyezunguka dunia akirekodi waimbaji wa vijijini. Pamoja na mwanasayansi Julian Huxley alitengeneza vipindi vya wanyama waliotolewa kwenye mabanda yao na kuletwa studio. Mnyama aliwekwa juu ya meza, taa zikimwaka machoni, mtaalamu akieleza mkia ni huu na ukucha ni huu.

Humo studio ndimo lilimozaliwa wazo la kumfuata mnyama kwake. Attenborough na Jack Lester, msimamizi wa nyumba ya reptilia katika bustani ya wanyama ya London, walipanga safari ya Sierra Leone mwaka 1954. Bustani ingepata wanyama, televisheni ingepata picha. Kipindi kikaitwa Zoo Quest, na kiini chake kilikuwa msako wa ndege mmoja wa msituni mwenye kichwa kisicho na manyoya, jina lake la kisayansi Picathartes gymnocephalus.

Hapa yapo mambo mawili ya kifundi ambayo wapiga picha waliomo humu watayafurahia. La kwanza: BBC ilikuwa ikitumia filamu ya milimita 35, na mashine zake zilikuwa nzito kiasi kwamba kuziingiza msituni ilikuwa kama kubeba kabati. Attenborough alidai filamu nyembamba ya milimita 16. Wakubwa wa idara ya filamu waliidharau wakisema haina ubora unaokubalika. Mwafaka uliopatikana ni kwamba atumie milimita 16, lakini iwe filamu ya rangi, kwa sababu ilitoa picha kali zaidi hata ikirushwa kwa nyeusi na nyeupe. Hivyo mpiga picha wake, Charles Lagus, akarekodi kwa rangi vipindi ambavyo hakuna Mwingereza aliyeviona kwa rangi. Mikanda ilikaa ghalani zaidi ya miaka 50. Mwaka 2016 ndipo watu walipoyaona majani ya misitu ile yakiwa kijani.

La pili ni huzuni iliyogeuka mlango. Aliyepangwa kuwa mtangazaji ni Lester. Kipindi cha kwanza kilirushwa Desemba 1954 naye akiwa studio; baadaye akaugua, akalazwa hospitali. Haikuwepo njia nyingine ila mtayarishaji avae tai, asimame mbele ya kamera. Lester alifariki mwaka 1956. Attenborough akabaki pale mbele.

Hata yule ndege mwenye jina gumu alifanya kazi yake. Wiki baada ya wiki watazamaji waliahidiwa kwamba ataonekana. Attenborough amesimulia jinsi dereva wa basi alivyochungulia dirishani katikati ya London akamuuliza, kwa lugha ya madereva wa mabasi, kama watampata ndege yule au la. Jina la Kilatini kinywani mwa dereva wa basi! Hapo ndipo alipojua kwamba mtu wa kawaida hahitaji kulainishiwa maarifa kama uji wa mgonjwa. Anahitaji kupewa sababu ya kungoja.

Hoja ya pili: aliinuka kwenye kiti

Hoja hii ni fupi, kwa kuwa vyeo havina mengi ya kusimulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Attenborough aliacha ajira ya kudumu, akaanza kusoma shahada ya juu ya anthropolojia London. Kabla hajamaliza akaitwa: Machi 1965 akawa mkuu wa BBC2, idhaa ya pili ya televisheni iliyokuwa bado changa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alikubali kwa sharti moja lililoandikwa ndani ya mkataba, kwamba aruhusiwe mara mojamoja kutoka ofisini kwenda kutengeneza vipindi. Mwaka huohuo alikuja Tanzania kupiga picha za tembo. Mkuu mzima wa idhaa, ndani ya mwaka wake wa kwanza wa cheo, yuko porini kwetu anawafuata tembo! Wakurugenzi wetu waliopo hapa watajiuliza nani alibaki kutia saini hundi.

Ofisini hakulala. Tarehe 1 Julai 1967 BBC2 ilirusha matangazo ya rangi kutoka mashindano ya tenisi ya Wimbledon, ya kwanza ya aina hiyo Ulaya. Aliruhusu kipindi cha mchezo wa snuka, kwa sababu mipira ya rangi juu ya kitambaa cha kijani ilikuwa njia rahisi ya kumshawishi mtu anunue televisheni ya rangi. Na aliagiza mfululizo wa sehemu 13 uitwao Civilisation, ambamo mwanahistoria wa sanaa Kenneth Clark alieleza historia ya sanaa ya Ulaya. Ukarushwa mwaka 1969. Baadaye ukafuata mwingine wa sehemu 13 kuhusu historia ya sayansi, The Ascent of Man, wa Jacob Bronowski. Kumbukeni namba hiyo: sehemu 13, mtu mmoja mwenye maarifa, hoja moja ndefu inayotembea duniani kote. Alikuwa anawashonea wengine nguo ambayo siku moja angeivaa mwenyewe.

Mwaka 1972 jina lake likaanza kutajwa kwa cheo cha mkurugenzi mkuu wa BBC nzima. Akampigia simu kaka yake Richard, akamwambia kwamba kazi ile haitaki. Mapema mwaka uliofuata aliondoka ofisini, akarudi kutengeneza vipindi akiwa na umri wa miaka 46. Ni umri ambao wengi wetu ndipo tunapoanza kukitafuta kiti chenye mikono.

Hoja ya tatu: neno liipishe picha

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo.

Wengi wetu humu tulilelewa na redio. Mpira ukichezwa, mtangazaji alikuwa macho yetu: nani ana mpira, anaelekea goli la upande gani, amepiga kwa mguu upi, mashabiki wamesimama au wameketi. Akinyamaza sekunde tano tulikuwa tunaigonga redio tukidhani betri zimekwisha. Mzee Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyetutoka Februari 2025, alikuwa fundi wa kazi hiyo, nacho kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka 1966, kilidumu zaidi ya nusu karne. Ule ni utamaduni wetu wa utangazaji, na ni utamaduni wa heshima. Lakini tulipoingia kwenye televisheni tuliingia nao mzimamzima. Simba anakimbia, mtazamaji anamwona anakimbia, na msimulizi anamwambia kwamba simba anakimbia. Ndugu zetu wa televisheni mlioko safu ya pili mnatikisa kichwa. Mnaijua hali hiyo.

Attenborough alifuata njia nyingine. Katika mfululizo mkubwa aliouandika mwenyewe, picha ndiyo iliyotangulia, na neno lilikuja kujaza tu kile ambacho jicho haliwezi kukipata: jina, umri, sababu, kilichotokea kabla, kinachokuja. Baada ya hapo alinyamaza. Hata miaka ya baadaye, alipokuwa akisimulia vipindi ambavyo miswada yake imeandikwa na wengine, aliupitia mswada kwa kalamu na kuukata mpaka ulingane na pumzi yake.

Mfano wa kwanza ni Life on Earth. Januari 1979 mfululizo huo wa sehemu 13 ulianza kurushwa, ukisimulia safari ya uhai tangu viumbe wa seli moja hadi binadamu. Ulichukua miaka mitatu kuutengeneza, na umekadiriwa kuwa ulitazamwa na watu milioni 500 duniani. Lakini katika ukubwa wote ule kipande kinachokumbukwa zaidi ni cha dakika chache, nacho kilipigwa jirani na sisi, kwenye miteremko ya volkano za Virunga nchini Rwanda.

Ilikuwa Januari 1978. Attenborough na wenzake walipanda mlima hadi kwenye kambi ya Dian Fossey, mtafiti wa Marekani aliyekuwa ameishi na gorila wa milimani kwa miaka zaidi ya kumi. Walimkuta anaumwa na akiwa na msiba: majangili walikuwa wamemuua gorila wake kipenzi, Digit, siku chache kabla. Mpango wa kipindi ulikuwa wa kisomo kabisa. Attenborough angekaa umbali wa kutosha, gorila wakionekana nyuma yake, aeleze umuhimu wa kidole gumba: jinsi kinavyokutana na vidole vingine, jinsi mshiko huo ulivyowawezesha nyani wakubwa kukamata tawi na binadamu kukamata chombo. Maneno alikuwa ameyapanga kichwani.

Akatambaa kwenye majani mabichi, akajikuta karibu nao kuliko alivyokusudia. Gorila jike alikuwa ameketi hatua chache tu. Kuanza kutoa mhadhara wa kidole gumba mbele ya kiumbe yule kulimwonekea kama kukosa adabu. Basi akaacha. Kwa sauti ya kunong'ona, akitafuta maneno papo hapo, alisema kwamba kutazamana na gorila kuna maana na maelewano zaidi kuliko kutazamana na mnyama mwingine yeyote anayemjua, na kwamba si haki kwa binadamu kumfanya gorila kuwa alama ya ukatili, ilhali ukatili huo ni wetu sisi.

Kisha mikono ikaja. Jike mmoja alimwekea mkono kichwani, akamfungua mdomo kwa kidole, akachungulia ndani kama daktari wa meno. Watoto wawili wakaketi miguuni wakifungua kamba za viatu vyake. Kijana mmoja wa kundi lile, Pablo, alimlalia kifuani. Mtazameni usoni katika picha zile: anacheka bila sauti, kama mtoto aliyepewa zawadi asiyoiomba. Na hasemi kitu. Huku nyuma mpiga picha, Martin Saunders, alikuwa akibania filamu, kwa kuwa alikuwa anangoja ile hotuba ya kidole gumba ianze! Sehemu kubwa ya tukio lile ikapita bila kurekodiwa. Kilichobaki ni kidogo, nacho kimetosha kwa karibu nusu karne.

Wanafunzi wa uandishi, chukueni hili mwende nalo. Mtu yule alikuwa na hotuba nzuri na ya kweli kichwani. Aliitupa, kwa sababu kilichokuwa mbele yake kilikuwa kikubwa kuliko hotuba.

Tukio hilo halikuishia kwenye televisheni. Fossey alimwomba awasaidie gorila wale, naye aliporudi London alizungumza na shirika la uhifadhi. Juhudi zilizofuata zikazaa mradi wa kuwalinda gorila wa milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliobaki Virunga walikuwa kama 250. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba gorila wa milimani wote, Virunga na Bwindi ya Uganda kwa pamoja, wamepita 1,000. Sifa kubwa ni ya walinzi wa Rwanda, Uganda na Kongo, ambao wengi wao walipoteza maisha msituni, na ya wanavijiji waliokubali kuishi mpakani mwa hifadhi. Hata hivyo kile kipande cha filamu kilifungua pochi na milango, na ni haki kukisema.

Mfano wa pili ni mfupi. Katika The Life of Birds ya mwaka 1998 yupo ndege wa Australia, aitwaye ndege-kinubi kwa umbo la mkia wake, anayeiga sauti. Attenborough amejibanza kando ya mti, ananong'ona sentensi mojamoja, na kila mara anampisha ndege. Ndege anaiga ndege wenzake. Anaiga mlio wa kamera. Anaiga king'ora cha gari. Mwisho anaiga msumeno wa mashine ukikata miti, kwa usahihi unaotia baridi mgongoni. Msimulizi angeweza kuongeza aya nzima ya majonzi hapo. Hakuongeza.

Mfano wa tatu unaturudisha redioni. Mwaka 2009, miaka karibu 60 tangu redio imkatae, Attenborough alianza kutoa mazungumzo ya dakika kumi kumi katika Radio 4 ya BBC, yaitwayo Life Stories. Huku hakuna picha ya kuipisha, hivyo maneno yanalazimika kubeba kila kitu, naye akageuka akawa mtu wa masimulizi kamili: rangi, harufu, umbo, vituko vya safari, kisa kinachojizungusha hadi kikarudi kilikoanzia. Aliyejua kunyamaza kwenye televisheni alijua pia kutonyamaza redioni. Huo ndio ufundi unaodaiwa hapa. Maneno machache si tabia ya mtu tu. Ni uamuzi unaofanywa upya kwa kila chombo.

Na alifuata ufundi huo hadi uzeeni. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga studio, chumba chake cha kulia chakula nyumbani kilitundikwa mafarishi ukutani ili kuzuia mwangwi, akasimulia humo akiwa na miaka 94.

Hoja ya nne: ukimya uliopita kiasi

Sasa lile jambo gumu.

Kwa miongo mingi vipindi hivi vilionyesha dunia iliyo nzima. Mtazamaji aliona msitu usio na shoka, bahari isiyo na nyavu, mbuga isiyo na mchungaji. Attenborough alikuwa na sababu zake. Aliamini kwamba watu hawalindi wasichokipenda na hawapendi wasichokijua, na kwamba mtazamaji anayehubiriwa kila jioni huzima televisheni. Kuhusu mabadiliko ya tabianchi, amesema alitaka uhakika kwanza. Kilichomshawishi mwishowe ni mhadhara, ndugu zangu, mhadhara kama huu ila bora zaidi, aliousikiliza Ubelgiji mwaka 2004 kutoka kwa mwanasayansi wa Marekani Ralph Cicerone, mwenye majedwali ya hewa na joto yasiyoacha shaka. Akiwa na karibu miaka 80 alikubali kubadilishwa na ushahidi, na hilo linastahili heshima.

Lakini alichelewa. Mwaka 2018 mwandishi George Monbiot alimkosoa hadharani, akisema kwamba picha nzuri zisizotaja uharibifu huwalaza watu usingizi. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Mtu aliyeaminiwa kuliko karibu mtangazaji yeyote wa nchi yake alikuwa na neno ambalo lingesikika, na kwa miaka mingi alilisema kwa kifupi mno, mara nyingi katika dakika za mwisho za kipindi cha mwisho. Climate Change: The Facts, alipolisema moja kwa moja kwa saa nzima, ilirushwa Aprili 2019.

Lipo pia suala letu wenyewe. Mwaka 2013 ulirushwa mfululizo wa sehemu sita uitwao Africa. Una picha za ajabu: vifaru weusi wanaokutana usiku kama wazee barazani, na ukame wa Amboseli ambamo tembo mama anasimama juu ya mwanawe anayekufa. Mwishoni Attenborough anapiga magoti nchini Kenya mbele ya kifaru mtoto aliye kipofu, akimjibu kwa kuiga mlio wake. Ni vigumu kutazama bila machozi. Lakini mtoto wa Kiafrika anayetazama atauliza: sisi tuko wapi? Mmaasai anayejua jina la kila mti, mvuvi anayejua mwezi, mlinzi anayelala nje na bunduki, katika sehemu kubwa ya mfululizo hawaonekani. Bara lisilo na watu halipo. Afadhali Dynasties ya mwaka 2018, iliyomfuata simba jike wa Masai Mara aitwaye Charm: sumu ilipowekwa na simba wakafa, ilibidi ng'ombe na wafugaji waingie kwenye kisa, na kisa kikawa cha kweli zaidi.

Ukweli una upande mwingine pia, wa uhariri. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba picha za dubu mweupe akiwa na watoto wachanga, katika Frozen Planet, zilipigwa katika bustani ya wanyama Uholanzi, wala si chini ya theluji ya kaskazini. Msimulizi hakusema uongo wowote. Sauti yake ilinyamaza tu mahali ambapo mtazamaji alihitaji kuambiwa. Ukimya nao unaweza kudanganya.

Wengi huutaja mfululizo wa Blue Planet II kama ushahidi kwamba hatimaye sauti yake ilifanya kazi. Desemba 2017 kipindi cha mwisho kilionyesha ndege wa baharini, albatrosi, wakiwalisha makinda wao vipande vya plastiki, na Uingereza nzima ikaanza kujadili plastiki. Ni kweli, na ni jambo jema. Ila tuiandike historia kwa usawa: Rwanda ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na marufuku ya Kenya ilianza Agosti 2017, kabla kipindi hicho hakijarushwa. Tanzania Bara ikafuata Juni 2019.

Yaliyo mbele

Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilimtunuku Attenborough tuzo ya utumishi wa maisha. Mei 2025, siku aliyotimiza miaka 99, filamu yake Ocean iliingia kwenye majumba ya sinema. Humo kuna kile ambacho miaka 40 nyuma asingekionyesha: wavu mzito ukiburutwa sakafuni mwa bahari, kamera ikiwa mdomoni mwake, kila kilicho hai kikifagiliwa. Picha inajieleza, na mzee akanyamaza tena, safari hii mahali panapostahili.

Kwetu je? BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, wakati kijana huyu alipokuwa anazunguka na kamera yake ya milimita 16. Tangu hapo tumepata watangazaji wa habari na wa mpira wasiohesabika, lakini wasimulizi wa viumbe kwa Kiswahili bado ni wachache. Filamu za mbuga zetu zinakuja zimeshaandikwa kwa lugha nyingine, nasi tunatafsiri. Tafsiri ikitoka huwa ndefu kuliko picha, msimulizi anakimbizana na simba.

Ilhali lugha yetu ina uchache wa maneno unaohitajika. Mvuvi akisema bamvua, amesema kwa neno moja hali ya mwezi, urefu wa maji, umbali wa mwamba utakaoachwa wazi na saa ya kushuka pwani. Akisema kusi, amekupa upepo, majira, na samaki wa kutarajia. Lugha nyingine inahitaji sentensi tatu hapo. Kamusi zetu zinayo baadhi ya maneno haya. Mengi yako vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo ombi la jioni hii ni dogo, na linawahusu hasa ninyi wanafunzi mliokaa ngazini. Kila mmoja wenu ana mfukoni kamera nyepesi kuliko ile iliyopelekwa Sierra Leone mwaka 1954. Maji ya bamvua yakipwa, shukeni pwani pamoja na kina mama wanaokwenda kuchokoa pweza. Mtafuteni mmoja anayekubali, mwombeni ruhusa kwa adabu, muwe nyuma yake hatua mbili tatu. Atainama kwenye tundu la jiwe ambalo ninyi mmelipita bila kuliona, atajua kama mwenyewe yumo kwa kutazama tu magamba yaliyotupwa mlangoni. Muulizeni jina la kila kitu kilichomo ndani ya tenga lake. Halafu nyamazeni, kamera iendelee, mpaka amalize mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kipaza sauti kinarudi kwako. Mikono ya wenye maswali imeshainuka.